Shajara ya mradi: Doa anahama Kimara kwenda Hamburg

Januari 8

Tumeamua. Doa anakwenda nasi. Mume wangu yuko Hamburg tangu mwaka jana, maombi yangu ya viza ya kuungana na familia yako ubalozini, na mama, ambaye ndiye angebaki na mbwa, anahamia Dodoma kwa kaka kwenye nyumba ya kupanga isiyo na ua. Doa ni jike, mbwa wa kienyeji, ana miaka sita, mweupe mwenye baka la kahawia begani. Tumemlea tangu yuko mdogo kabisa. Kumwacha kwa mtu asiyemtaka, afungwe mnyororo nyuma ya nyumba mpaka uzee umkute hapo, sikubali.

Jioni yote nimesoma masharti ya Umoja wa Ulaya. Wamezipanga nchi kulingana na hali ya kichaa cha mbwa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazopewa nafuu, wala Kenya na Uganda hazimo, kwa hiyo mbwa wa kwetu anapita njia ndefu. Anaanza na chipu ya utambulisho yenye namba, inayowekwa chini ya ngozi, ndipo achanjwe. Zikipita siku zisizopungua 30 damu inachukuliwa na kupimwa kama ina kinga ya kutosha, kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Akifaulu anasubiri miezi mitatu, inayohesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Mwisho kabisa ni cheti cha afya cha daktari wa serikali, kinachotakiwa kutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia. Mpangilio huo haubadilishwi. Hatua ikitangulia mwenzake, haihesabiki.

Nimepiga hesabu kwenye karatasi ya manila nikaibandika jikoni: hata kila kitu kikienda sawa, ni miezi minne na ushee. Kwa hiyo sikati tiketi wala simwambii mwenye nyumba tarehe ya kuondoka mpaka damu iwe imetoka. Safari yangu itafuata kalenda ya mbwa. Nimeona watu wakianza na viza, na mizigo, na kuuza makochi, mbwa anakumbukwa zikiwa zimebaki wiki tatu. Hapo hata uwe na pesa na kujuana na watu, miezi mitatu haipungui hata siku moja.

Jambo jingine nililohakikisha leo: Ujerumani hairuhusu kuingiza Pitbull Terrier, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bullterrier na Bullterrier, pamoja na machotara wao. Doa hahusiki, ila kwenye karatasi ataandikwa chotara, na mtu asiyewajua mbwa wetu anaweza kujiuliza chotara wa nini. Nimempiga picha za mbele na za ubavuni zikae kwenye faili.

Januari 14

Chipu na chanjo, siku moja, kwa mpangilio unaotakiwa.

Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele. Daktari aliipitishia kisomaji ikiwa bado ndani ya pakiti, akaniomba nimsomee namba ya kwenye stika tuone kama zinalingana, ndipo akaichoma chini ya ngozi, katikati ya mabega. Akamsoma Doa tena. Namba 15, za mfumo wa ISO 11784, ndizo zinazosomeka kwenye vifaa vya Ulaya. Baada ya hapo tu ndipo akafungua friji kutoa chanjo. Akabandua stika ya kichupa yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, akaibandika kwenye kadi mpya, akasaini na kugonga muhuri juu yake.

Kadi ya zamani ya Doa ina chanjo za kila mwaka tangu utoto. Nilimuuliza, "Daktari, kwa hiyo hizi zote ni bure?"

"Kwa Ulaya hazipo, dada, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa wa kwenye kadi ndiye huyu. Kwa mwili wake zipo. Ndiyo maana sina wasiwasi na kipimo."

Masharti ni marefu lakini siyalalamikii. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakina tiba, kwa mtu wala kwa mnyama. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote baada ya kuumwa na mbwa, na wengi ni wa Afrika na Asia. Ni sisi hao. Na unazuilika: wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walishaonyesha kwamba inawezekana. Hapa mtaani kwetu bado mbwa wengi hawajawahi kuona sindano, na nimewaomba majirani, hata wasio na mpango wa kwenda popote, wawapeleke wa kwao.

Februari 2

Doa ameanza kujifunza kamba. Maisha yake yote ametembea mwenyewe uani, akatoka getini akitaka na kurudi akitaka. Hamburg mbwa hutembezwa kwa kamba, ndiyo sheria ya mji. Siku za mwanzo alikuwa anakaa chini na kugoma. Nimeacha kumvuta. Ninashika kamba bila kuikaza, nakaa naye, nampa kipande cha dagaa akipiga hatua. Sasa tunafika mpaka kwa muuza mkaa na kurudi.

Mume wangu amepata barua ya mwenye nyumba wa kule inayokubali mbwa. Imeingia kwenye faili.

Februari 16

Siku ya damu. Tarehe hii ndiyo mhimili wa mradi wote, kwa sababu miezi mitatu inaanza kuhesabiwa leo. Doa hawezi kuingia Ulaya kabla ya Mei 16.

Daktari alimsoma chipu kwanza, akaandika namba, ndipo akanyoa manyoya kidogo mguuni. Alijaza bomba lisilo na dawa ya kuzuia kuganda, akaliacha limesimama mpaka damu ikaganda, kisha akaliweka kwenye mashine ya kuzungusha. Lilipotoka, juu kulikuwa na maji ya rangi ya majani makavu, chini damu nzito. Hayo maji ndiyo seramu. Aliyafyonza taratibu asiguse wekundu, akayahamishia kwenye kichupa kidogo.

Kwa sindano hiyohiyo tulichukua bomba la pili, la kwetu. Ulaya hawalidai. Nilitaka kujua kama Doa ana maradhi ya kupe, maana mbwa wa Dar anaweza kuishi na vijidudu vya erlikia mwilini kwa muda mrefu bila kuonyesha, akaja kudhoofika akipata msukosuko. Sitaki msukosuko huo uwe ndani ya ndege, mahali ambapo siwezi kumfikia.

Februari 19

Kifurushi kimeondoka kwenda maabara Ujerumani. Kilichonichukulia muda ni fomu. Kliniki ilikuwa imeijaza kwa mkono, na kwenye namba ya chipu, tarakimu ya 7 iliandikwa kwa namna ambayo mtu angeisoma 1. Nililinganisha na stika tarakimu mbili mbili, nikaomba ijazwe upya na stika ya msimbopau ibandikwe pembeni. Majibu yakitoka na namba tofauti na ya chipu iliyo mwilini mwa mbwa, ni majibu ya mbwa mwingine.

Kichupa kimewekwa ndani ya mfuko wenye cha kufyonza endapo kitavuja, mfuko ndani ya kopo gumu, kopo ndani ya boksi lenye barafu za gel na alama ya UN 3373, ya sampuli za kibaolojia. Juu kuna fomu na kibali cha kuingiza sampuli tulichotumiwa na maabara. Kulipeleka boksi kumegharimu zaidi ya kipimo chenyewe. Anayepanga bajeti aliweke hilo mbele.

Majibu ya bomba la pili: Doa ana erlikia. Ameanzishiwa dawa ya doksisaiklini ya siku 28, anapewa pamoja na chakula kwa sababu inachoma tumbo. Nimefurahi kujua sasa.

Machi 9

Majibu yamefika kwa barua pepe: 4.50. Kiwango cha kufaulu ni 0.5 IU (uniti za kimataifa) kwa mililita moja ya seramu. Daktari alisema kweli kuhusu mwili kukumbuka chanjo za nyuma.

Kipimo chenyewe kinavutia. Seramu ya Doa inachanganywa na virusi hai vya kichaa, kisha vinapewa seli za kuvamia. Kingamwili zikiwa za kutosha, virusi vinashindwa kuziingia seli. Wanaangalia seramu inaweza kupunguzwa makali mara ngapi na bado ikavizuia virusi. Maabara zenye ruhusa ya kufanya hivyo hupimwa uwezo wake na maabara rejea ya Ulaya iliyoko Nancy, Ufaransa.

Dada yangu aliuliza swali ambalo wengi wataliuliza: kama amefaulu, kwa nini asubiri tena? Jibu ni kwamba kirusi cha kichaa kinaweza kujificha mwilini kwa wiki nyingi kabla mnyama hajaugua. Mbwa aliyeumwa na mwenzake kabla ya chanjo kukolea anaweza kuonekana mzima siku ya damu. Miezi mitatu inampa huyo muda wa kuonekana akiwa bado nyumbani.

Machi 23

Kizimba. Nimeamua kutengenezesha, kwa sababu vya plastiki vya ukubwa wa Doa ni vigumu kupata na vilivyopo ni vyembamba.

Mashirika ya ndege yanafuata vipimo vya IATA, chama chao cha kimataifa. Unapima mbwa akiwa amesimama: kutoka puani hadi shina la mkia, kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele, upana wa mabega, na kutoka chini hadi ncha ya masikio kama ni ya kusimama. Doa ana sentimita 72, 30, 18 na 60. Urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza ukiongeza nusu ya cha pili, yaani 87. Upana ni mabega mara mbili, 36. Kimo ni ncha ya masikio ukiongeza tandiko. Hivyo ni vya chini kabisa, vya ndani. Tumeweka 92 kwa 50 kwa 68.

Kazi nimempa fundi seremala wa Keko aliyetutengenezea kitanda. Alitaka kutumia mninga. Nilimweleza kwamba mbao ghafi za kufungashia zinazovuka mipaka hudaiwa kuchomwa kwa joto maalumu na kugongwa muhuri wa ISPM 15, lakini plaiwudi imesamehewa, kwa hiyo hata fremu aijenge kwa vipande vya plaiwudi vilivyogandishwa viwili viwili. Alifikiri kidogo, akachora kwenye kipande cha boksi, akaniambia, "Hii inatoka vizuri, mama, ila kona zote tutie bolti. Misumari itaachia wakikitupa." Amefanya hivyo. Mlango ni wavu wa chuma uliochomelewa, tundu zake hazizidi sentimita 2.5, ili pua na vidole visipite. Matundu ya hewa yako pande zote nne. Vyombo vya maji na chakula vimefungwa ndani ya mlango na vinajazwa kutoka nje. Pembeni kuna vipande vya kushikia ambavyo pia vinazuia mzigo mwingine kuegemea ukaziba hewa. Hakuna magurudumu.

Nimetuma picha na vipimo kwa shirika la ndege na wamekubali kwa maandishi. Nimechapisha jibu lao.

Aprili 18

Kizimba kiko sebuleni bila mlango. Doa anakula humo. Kwanza sahani ilikuwa mlangoni, sasa iko mwisho kabisa wa ndani na anaingia mwili mzima. Usiku analala humo kwa hiari juu ya kanga yangu kuukuu, ambayo siifui na haitafuliwa mpaka tufike.

Dozi ya erlikia imekwisha, damu imepimwa tena na chembe za damu zimepanda. Anakula kwa hamu. Manyoya yameanza kung'aa.

Mei 3

Mlango umerudishwa, tunaufunga kwa muda unaoongezeka. Leo usiku alikaa humo muda wa saa nne bila mlio.

Mazoezi yaliyoleta mabadiliko makubwa ni ya kirikuu. Nimekodi kijana mwenye gari hiyo, tunafunga kizimba nyuma na kwenda Barabara ya Morogoro hadi Ubungo na kurudi, honi na pikipiki zote zikipita pembeni. Dereva ni Mwislamu, aliomba tangu mwanzo Doa asiguse kiti wala nguo zake, na ni haki yake. Doa anaingia kizimbani nyumbani, kizimba kinabebwa, kinarudishwa, anatoka nyumbani. Mara ya kwanza alihema kwa nguvu njia nzima. Sasa analala.

Watu wamenishauri nimpe dawa ya usingizi siku ya safari. Haipewi. IATA na madaktari wanapinga, kwa sababu mnyama aliyelewa dawa anashindwa kujishikilia kizimba kikiinama, shinikizo la damu linaweza kushuka, na hakuna wa kumtazama angani.

Nimewaeleza pia majirani zangu wawili wanaofikiria kuhamia Ireland na Finland: huko kuna nyongeza ya dawa ya minyoo ya tegu, inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Malta na Norway vilevile. Ujerumani hawaidai, Doa amepewa tu kwa afya yake.

Mei 19

Cheti kimesainiwa. Tiketi ni Mei 22, kupitia Addis Ababa, kuingia Frankfurt Mei 23, kwa hiyo siku 10 zinatosha na akiba inabaki ndege ikiahirishwa.

Kibali cha kumtoa nchini nilishakiombea Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Leo ilikuwa cheti cha Ulaya chenyewe, nakala ya Kijerumani na Kiingereza, kinachosainiwa na daktari wa serikali. Daktari alimpima joto, akamsikiliza moyo, akasoma chipu. Kisha tulikaa mezani. Yeye alisoma namba kutoka kwenye kisomaji, mimi nikafuata kwa kidole kwenye cheti, kwenye kadi ya chanjo, na kwenye majibu ya maabara. Tarehe ya chipu isiwe baada ya chanjo. Tarehe ya damu isiwe chini ya siku 30 baada ya chanjo. Jina la mwenye mbwa lifanane na pasipoti yangu herufi kwa herufi. Alisaini kwa wino wa bluu, maana sahihi na muhuri vinatakiwa kuwa na rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa, akagonga muhuri kila ukurasa. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu na heshima, na ninamshukuru.

Kuna tamko linaloambatana, ninalosaini mimi mwenyewe, kwamba mbwa hauzwi na kwamba tunasafiri pamoja. Sheria inaruhusu mwenye mbwa na mbwa kupishana kwa siku tano tu. Ikizidi, safari inahesabiwa ya biashara na masharti yanakuwa mengine.

Mei 22

Chakula chepesi asubuhi, matembezi marefu Kimara yote, maji wakati wote. Maji ya kizimbani yamegandishwa kwenye chombo tangu jana ili yayeyuke polepole badala ya kumwagika wakati wa kupakia.

Terminal 3 tulifika mapema sana, na nashauri hivyo. Ofisa mifugo wa uwanjani alikagua kibali na cheti. Kizimba kilipimwa uzito. Kisha Doa ilibidi atoke ili kizimba kitupu kipite kwenye mashine ya ukaguzi, nikamshika kwa kamba katikati ya masanduku na watu wanaokimbia. Miezi ya kamba ilionekana hapo. Alikaa chini ubavuni pangu. Kona za mlango tulizifunga kwa vibana vya plastiki, juu tukabandika mishale na alama ya wanyama hai, na karatasi yenye jina lake, namba zetu na sentensi moja kwamba ni mpole lakini ni mwoga wa kelele. Mhudumu wa ndani ya ndege nilimwomba amweleze rubani kwamba kuna mbwa chini. Alirudi na kuniambia rubani anajua na joto la chumba hicho limewekwa.

Mei 23

Frankfurt. Mstari mwekundu wa forodha, wa watu wenye kitu cha kueleza. Doa aliletwa na toroli, amesimama, masikio juu, kizimba kikavu. Ofisa alimsoma chipu, akalinganisha na cheti, akatazama majibu ya maabara na tarehe ya damu, akagonga muhuri. Hakuuliza swali hata moja, na sababu ni kwamba kila jibu lilikuwa kwenye karatasi.

Mume wangu alikuja na gari la kukodi. Doa alimnusa viatu, halafu akajua ni nani, na hapo sikujaribu kumzuia.

Juni 8

Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010. Doa ameingizwa kwenye daftari la mbwa la mji, ana bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo hapa ni lazima, na kodi ya mbwa inalipwa. Ngazi zilimtia hofu kwa siku kadhaa kwa sababu Kimara hatukuwa na ghorofa. Tulimfundisha kwa dagaa, ambao duka la Waafrika wanao.

Kazi iliyobaki ni moja. Daktari wa hapa amempa pasi ya wanyama ya Ulaya na kuandika ndani yake chanjo na majibu ya damu. Chanjo inaisha Januari 13. Ikirudiwa kabla ya tarehe hiyo, na kila baada ya hapo bila kukatika, kipimo cha Februari kinabaki halali maisha yake yote, na tukimchukua likizo Tanzania atarudi Ulaya bila kutoa damu tena wala kusubiri miezi mitatu. Ikipita hata siku moja, tunaanza upya. Nimeshachukua miadi ya Desemba.